Kisu cha Kazi Hupimwa Pale Mkato Unapoishia

Mtu anayechagua kisu cha kufungulia maboksi, kukatia zulia, kamba au karatasi nene kwa kawaida huanza kwa kuyatazama makali, na pengine huyagusa kwa kidole gumba, jambo ambalo halimwelezi lolote la maana, kwa kuwa wembe mpya wa kisu chochote, hata kilicho kibovu kabisa, huwa mkali. Mimi huanzia upande wa pili. Ninapokishika kisu kwa mara ya kwanza hujiuliza kwamba kitu ninachokikata kitakapoachia ghafla, wembe huu utakuwa wapi, na utaendelea kuwa nje kwa muda gani. Kisu kinachotoa jibu zuri kwa swali hilo hustahili kuangaliwa zaidi. Kisichotoa jibu hukirudisha mahali pake, hata kama mpini wake unapendeza na wembe wake unang'aa.

Ninaposema kisu cha kazi sikusudii kisu cha jikoni wala kile cha kukunja kinachonolewa kikichakaa. Nakusudia kile chenye mpini wa plastiki au wa chuma na wembe mwembamba unaobadilishwa, ambacho hutumiwa na mafundi, watunza bohari, washonaji, wanafunzi wa uchoraji na mtu yeyote anayepokea mizigo. Ni chombo kidogo kiasi kwamba watu hawakifikirii kama chombo, hukichukua kilichopo karibu na kukitumia kwa kila kitu. Ndiyo maana naona inafaa kukieleza kwa kirefu.

Swali langu la mahali mkato unapoishia lina sababu yake. Wakati wembe uko ndani ya kitu kinachokatwa, kitu hicho chenyewe huushika pande zote mbili na kuupinga mbele, na nguvu ya mkono inapata cha kupambana nacho. Pale kitu kinapokwisha, upinzani huondoka mara moja lakini nguvu ya mkono haiondoki. Misuli inahitaji muda mfupi kupokea habari kwamba kazi imeisha, na katika muda huo kisu kinasafiri. Kinasafiri kuelekea kule kilikokuwa kikivutwa, na mara nyingi huko ndiko liliko paja la mkataji, au mkono wa pili uliokuwa ukishikilia mzigo usisogee. Kutokana na hilo mambo matatu ndiyo yanayoamua madhara: wembe ulikuwa umechomoza kiasi gani, ulibaki nje au ulijirudisha, na mkono ulikuwa ukisukuma kwa nguvu kiasi gani. Uchaguzi wote wa kisu, kwa maoni yangu, ni kuyashughulikia mambo haya matatu bila kuifanya kazi yenyewe ishindikane.

Tuanze na lile la kwanza, ambalo ni rahisi kuliko mengine na ndilo linalopuuzwa zaidi. Ukuta wa boksi la kawaida la karatasi ngumu lenye tabaka moja la mawimbi ndani yake huwa na unene wa milimita 3 hadi 5 hivi. Mkanda wa gundi uliofungia mdomo wa boksi hilo ni mwembamba mno hata haustahili kupimwa. Hata hivyo utamwona mtu akifungua boksi kama hilo kwa wembe aliouchomoza sentimita 3 au zaidi, kwa sababu tu kitufe kilikwenda mpaka mwisho kwa urahisi. Sehemu kubwa ya wembe huo haina kazi yoyote pale isipokuwa kuchana nguo, mifuko ya unga au skrini iliyomo ndani ya boksi, na kukata zaidi mkataji mwenyewe iwapo mkono utateleza. Kisu kizuri cha maboksi ni kile kinachokuruhusu kuuzuia wembe katika hatua fupi, au ambacho kwa muundo wake hakitoi wembe mrefu kuliko unene wa boksi. Ukipewa visu viwili vinavyofanana kwa mengine yote, chukua chenye hatua ya kwanza iliyo fupi.

Jambo la pili, la wembe kubaki nje au kujirudisha, ndilo linalovitenga visu katika makundi. Kundi la kwanza ni la visu ambavyo wembe hufungwa ukiwa nje na hubaki nje mpaka mtumiaji aurudishe kwa mkono wake. Hivi ndivyo vilivyozoeleka, na kwa kazi nyingi za ufundi haviepukiki, ila vinategemea kumbukumbu ya mtu, na mtu aliyechoka au aliyeitwa na simu husahau. Kundi la pili ni la visu vyenye springi, ambamo wembe hutolewa kwa kusukuma kitufe na hurudi ndani wenyewe kitufe kikiachiwa na wembe ukiwa hauko tena ndani ya kitu. Kundi la tatu lina springi vilevile, lakini utaratibu wake wa ndani huurudisha wembe mara tu unapopoteza mgusano na kitu kinachokatwa, hata kama kidole bado kimekishikilia kitufe au mkono bado unabana mpini. Kundi la nne halina wembe wa kuchomoza kabisa: makali yamefichwa ndani ya mdomo mwembamba wa plastiki au chuma, na kitu kinachokatwa huingia mdomoni humo wakati kidole hakiwezi kuingia.

Kuhusu kundi la pili kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawaelezwi. Visu hivi hufanya kazi yake ya ulinzi pale tu kidole gumba kinapoondoka kwenye kitufe baada ya wembe kuzama katika kitu. Unasukuma kitufe, unauzamisha wembe, kisha unakiachia kitufe. Msuguano wa kitu chenyewe dhidi ya wembe unautosha kuuzuia usirudi, na unaendelea kukata huku springi ikiwa tayari. Mkato ukiisha, hakuna tena kinachoushika wembe, nao unaingia ndani kabla mkono haujafika mbali. Mtu anayekibana kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho amekigeuza kisu chake kuwa cha kundi la kwanza bila kujua, na akijikata atasema kwamba visu vya springi havina maana. Ikiwa wewe ni msimamizi wa watu wanaofungua mizigo na unajua kwamba hawatazoea kukiachia kitufe, basi wanunulie visu vya kundi la tatu, kwa sababu hivyo havitegemei tabia ya kidole.

Visu vya makali yaliyofichwa ndivyo ninavyovipendekeza kwa mtu asiye na kazi nyingine zaidi ya kufungua maboksi, kukata mikanda ya plastiki inayofungia mizigo, na kuchana mifuko au plastiki nyembamba iliyozungushiwa bidhaa. Kwa kazi hizo havina mpinzani, na vina faida ya ziada kwamba haviharibu kilichomo ndani. Lakini havikati kila kitu: boksi lenye tabaka mbili au tatu halitapita mdomoni, huwezi kuvianzisha katikati ya kipande bapa, na huwezi kufuata mstari wa kalamu kwa usahihi kwa kuwa mdomo wenyewe unauziba mstari. Nimewahi kuona kisu cha namna hii kikitumiwa kwa kazi isiyo yake, na matokeo yake yalikuwa ni mkataji kuchukua kisu cha jikoni kando.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kisu salama kinachomkera mtumiaji hakibaki salama. Springi inayorudisha wembe kila baada ya sentimita chache kwa mtu anayekata sponji nene, kwa mwendo wa kuingiza na kutoa, itamfanya akifunge kitufe kwa mkanda wa gundi kabla ya saa ya mapumziko. Kwa hiyo sikubaliani na ushauri wa jumla kwamba kila mtu atumie kisu chenye ulinzi mkubwa kuliko vyote. Ushauri wangu ni kwamba atumie chenye ulinzi mkubwa kuliko vyote ambavyo bado vinaifanya kazi yake vizuri, na kama ana kazi mbili zilizo mbali mbali, awe na visu viwili.

Sasa nigeukie visu vya wembe wenye pingili, vile vyembamba virefu ambavyo wembe wake umechorwa mistari ya mshazari ili ncha iliyochakaa ivunjwe na mpya ijitokeze. Wazo hili lilitoka Japani. Mwaka 1956 Yoshio Okada, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya uchapaji mjini Osaka, alichoshwa na nyembe zilizokuwa zikiharibika nchani tu huku urefu wake uliobaki ukiwa mzima na hauna kazi. Alikumbuka jinsi mafundi viatu walivyokuwa wakivunja vipande vya kioo ili kupata makali mapya, akakumbuka pia chokoleti za askari wa Marekani zilizokuwa zimegawanywa kwa mistari ili zimeguke kwa urahisi, akaviunganisha vitu hivyo viwili. Kampuni iliyotokana na wazo lake, OLFA, ipo hadi leo, na vipimo vyake vya nyembe vimekuwa kama kanuni kwa watengenezaji wengine wengi, jambo ambalo ni faida kubwa kwa mnunuzi, kwa maana wembe wa kampuni moja mara nyingi huingia katika mpini wa nyingine.

Upana wa nyembe hizi unaopatikana kwa wingi ni wa aina tatu, na uchaguzi kati yake si suala la ladha. Ule wa milimita 9, wenye unene wa milimita 0.38 hivi, ni wa karatasi, kadi, vitambaa vyepesi, karatasi za ukutani na kazi zote zinazodai kufuata mstari au kupinda kona. Ule wa milimita 18, wenye unene wa nusu milimita, ni wa kazi nyingi za kawaida: maboksi, vinyli ya sakafuni, zulia jepesi, mikanda. Ule wa milimita 25, wenye unene wa milimita 0.7, ni wa sponji nene, mablanketi ya kuzuia joto kwenye dari na vitu vingine vinavyohitaji wembe mrefu usioyumba. Kosa la kawaida ni kuuchukua ule mdogo kwa kuwa unaonekana hauna hatari. Ukiubana wembe wa milimita 9 katika karatasi ngumu nene, utapinda kando kwanza, kisha utavunjika, na kipande kitaruka. Wembe mwembamba kwa kazi nzito una hatari zaidi kuliko wembe mpana, na hapa macho hudanganya.

Ncha nayo ina pembe yake. Nyembe nyingi za pingili zina ncha ya karibu digrii 60, ambayo ni imara na inavumilia. Zipo pia za digrii 30, zenye ncha ndefu kali, ambazo wachoraji na watengeneza mifano ya majengo huzipenda kwa sababu unauona mstari vizuri chini ya ncha. Kwa boksi hazifai hata kidogo, kwani ncha hiyo huvunjika mara ya kwanza inapokutana na pini ya chuma.

Kisha kuna kifungio. Visu vya pingili hufungwa kwa njia mbili: ama kitufe kinachojifunga chenyewe katika meno ya reli, ama skrubu ya kukaza kwa vidole. Kitufe kinachojifunga ni chepesi kwa mtu anayetoa na kurudisha wembe mara kwa mara, na hilo lenyewe ni usalama, kwa kuwa kisichosumbua kurudishwa hurudishwa. Skrubu ni bora kwa kukata kwa nguvu katika kitu kigumu, ambapo hutaki wembe urudi nyuma hata kidogo ukiwa katikati ya kazi, ila mtu anayeichelewesha kuikaza hana kifungio chochote. Kabla ya kukubali kisu cha aina hii, mimi huutoa wembe kiasi cha pingili moja, huiegemeza ncha juu ya kipande cha mbao na kusukuma taratibu. Wembe usirudi. Halafu huushika mpini kwa mkono mmoja na kuutikisa ubapa wa wembe kushoto na kulia kwa kipande cha mbao, si kwa vidole. Kila kisu kina uchezaji kidogo, lakini ukiuona wembe ukiyumba ndani ya reli yake mpaka unasikia mlio, reli hiyo ni ya bati laini, na mstari utakaoukata utayumba pamoja nayo. Ukosefu wa usahihi humfanya mtu aongeze nguvu, na nguvu ikiongezeka tunarudi kwenye swali la mwanzo.

Kuivunja pingili iliyochakaa ni tendo linalohitaji adabu yake. Wembe hutolewa kiasi cha pingili moja tu nje ya mpini, na upande wenye mistari iliyochorwa huwekwa juu. Pingili hushikwa kwa plaisi au kwa kifaa kidogo ambacho visu vingi huja nacho kwenye mkia, kisha hupindwa kuelekea upande usiochorwa, mbali na uso. Hiyo ni chuma ngumu inayokatika kwa kishindo, kwa hiyo miwani ya kazi si anasa. Kuivunja kwa kuibamiza kwenye ukingo wa meza, kama nionavyo mara nyingi, ni kuitupa pingili kali mahali usipopajua.

Nyembe hizi za pingili, kwa kuwa zimeumbwa ili zivunjike, hazifai kwa kazi inayosokota au kubenua. Hapo ndipo wembe mfupi wa msonge unapochukua nafasi, ule wenye umbo la trapeza na makali marefu upande mmoja, wenye urefu wa sentimita 6 hivi na unene wa milimita 0.6, unaogeuzwa upande mmoja ukichakaa. Hauna mistari ya kuvunjikia, na sehemu kubwa yake imebanwa ndani ya mpini, hivyo unavumilia shinikizo. Mafundi wa dari huutumia kwa mbao za jipsamu, ambako hawakati unene wote: hukata karatasi ya juu pamoja na jipsamu kidogo, huivunja mbao kwa kuipinda nyuma ya mstari, kisha humalizia karatasi ya upande wa pili. Kwa zulia, linoleamu na karatasi ya lami ya kuezekea kuna wembe wa ndoana unaoingia katika mpini uleule, ambao hukata kwa kuvutwa na hauna ncha ya kuchoma kilicho chini. Kama sakafu iliyo chini ya zulia ni ya thamani, wembe wa ndoana ndio jibu. Zipo pia nyembe zilizoviringwa ncha, ambazo hukata kama kawaida lakini hazichomi, na kwa mtu anayefungua maboksi kwa kisu cha msonge sioni kwa nini atumie aina nyingine.

Kuhusu madini ya wembe sitachukua muda mrefu. Chuma cha kaboni hushika makali vizuri lakini hupata kutu. Chuma cha pua hustahimili unyevu na huosheka, kwa hiyo kinafaa palipo na chakula au maji. Nyembe zenye mwili wa chuma kinachonesa na ukingo wa chuma kigumu zaidi hudumu na hazimeguki ovyo, ingawa si lazima ziwe kali kuliko nyingine. Rangi ya dhahabu kwenye wembe kwa kawaida hutokana na tabaka jembamba la mchanganyiko wa titani na nitrojeni lenye kuongeza ugumu wa juu, na mimi sijaona kwamba linabadilisha maisha ya mtu anayekata karatasi. Kauri ya zirkonia ni habari nyingine: haipati kutu, haipitishi umeme, haivutwi na sumaku, na nyembe zake nyingi hutengenezwa zikiwa na ncha ya mviringo na makali yasiyochana ngozi kwa mguso mwepesi. Lakini kauri haipendi kupindwa kando, na ikianguka juu ya sakafu ngumu inaweza kumeguka.

Mpini huchaguliwa kwa mkono, si kwa macho. Ushike kama utakavyoushika kazini, na kama unafanya kazi ukiwa umevaa glavu, ushike ukiwa umezivaa. Tazama kama kidole cha shahada kina mahali pa kukaa bila kuteleza kuelekea kwenye wembe. Mipini iliyonyooka na laini kama rula haina kizuizi chochote hapo, na jasho linapoingia hugeuka hatari. Mtu wa mkono wa kushoto aangalie kwa makini zaidi, kwa sababu visu vingi vina kitufe upande mmoja tu, na katika baadhi yake kidole gumba cha kushoto kinalazimika kuvuka juu ya reli ili kukifikia. Kitufe kilicho juu ya mgongo wa mpini humfaa kila mtu. Angalia pia jinsi wembe unavyobadilishwa. Mpini unaohitaji bisibisi ili ufunguke unamwalika mtu aendelee kutumia wembe uliochakaa, kwa sababu bisibisi haipo karibu. Mpini unaofunguka kwa kubonyeza, na wenye nafasi ya nyembe za akiba ndani yake, humwondolea kisingizio hicho. Na rangi kali, ya chungwa au ya njano, ina maana yake kisu kinapopotea chini ya marundo ya karatasi kikiwa kiko wazi.

Hapo tumefika kwenye jambo la tatu, yaani nguvu ya mkono, ambayo inategemea zaidi ukali wa wembe kuliko kitu kingine. Karatasi ngumu huyala makali haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nyuzi zake hubeba chembechembe za madini na vumbi. Huna haja ya kusubiri mpaka kisu kikatae. Uweke wembe chini ya taa huku makali yakikutazama na uuzungushe taratibu: makali mazima hayarudishi mwanga, kwa sababu hayana upana wa kuurudishia, ilhali palipochakaa patang'aa kama uzi mweupe au nukta. Ukiuona uzi huo, badilisha. Dalili nyingine iko kwenye boksi lenyewe, kwani wembe mkali huacha ukingo safi uliofungika, na wembe butu huacha manyoya. Wakati mwingine lakini wembe si butu, bali umejaa gundi ya mkanda, ambayo huongeza msuguano mpaka mtu akadhani makali yameisha. Kitambaa chenye spiriti kidogo, kikipitishwa kutoka mgongoni kuelekea ukingoni na kamwe si kinyume chake, hurudisha wembe katika hali yake.

Glavu zinazozuia mkato ni jambo jema, hasa katika mkono usioshika kisu, lakini zinahitaji kueleweka. Katika kanuni ya Ulaya ya EN 388, toleo la 2016, kiwango cha kuzuia mkato huandikwa kwa herufi kuanzia A, inayostahimili nguvu ya nyutoni 2, hadi F, inayostahimili nyutoni 30. Kanuni ya Marekani ya ANSI/ISEA 105 hutumia A1 hadi A9, ambapo A1 huanzia gramu 200 na A9 gramu 6,000. Ukiona A peke yake na A9 usidhani ni ndugu, kwa kuwa moja iko chini kabisa katika mpangilio wake na nyingine iko juu kabisa. Viwango vyote hivi hupimwa kwa wembe unaopita juu ya kitambaa. Ncha inayochoma ni suala jingine, na kitambaa kilichofumwa kina matundu. Glavu ya kiwango cha juu haikupi ruhusa ya kuweka mkono mbele ya wembe.

Mkono wa pili ndio unaopaswa kufikiriwa muda wote. Uweke nyuma ya wembe au kando, pasipoweza kufikiwa hata kisu kikiendelea mbele kwa ghafla, na mwili wako usimame pembeni ya mstari wa mkato badala ya kuukabili. Ukikata kwa rula, iwe ya chuma na nene, au yenye ukuta mdogo unaokinga vidole. Rula nyembamba ya plastiki huliwa na wembe na huuruhusu kupanda juu yake. Kata mara kadhaa kwa wepesi kuliko mara moja kwa nguvu. Mkato wa kwanza huchora tu njia, wa pili hufuata njia hiyo, na kitu kikiachia katika mkato wa tatu au wa nne hakuna nguvu kubwa iliyobaki mkononi ya kusafiri nayo. Na kwa yale ambayo mkasi unayakata vizuri, kama uzi, kitambaa chembamba na plastiki laini, tumia mkasi.

Uhifadhi na utupaji ni sehemu ya uchaguzi vilevile, kwani kisu kisicho na mahali pa kurudi hubaki mezani. Kisu ambacho wembe wake hufungwa ukiwa nje kihifadhiwe wembe ukiwa umerudishwa ndani na, penye watoto, kwenye droo inayofungwa kwa ufunguo. Pingili zilizovunjwa na nyembe zilizokwisha zisitupwe ovyo kwenye mfuko wa taka, ambako zitamngoja mtu mwingine aubebe. Zitie katika kopo la chuma lenye mfuniko uliochanwa tundu jembamba la kupitishia wembe, na likijaa lizibe tundu hilo kwa mkanda, uandike juu yake kwamba ndani mna nyembe, kisha ulitenge na taka nyingine kulingana na utaratibu wa mahali ulipo. Anayesafiri kwa ndege ahakikishe kisu kimo kwenye mzigo unaokwenda chini, ndani ya ala au kikiwa kimefungwa vizuri ili mkaguzi asijikate akipekua, kwa sababu tangu mashambulizi ya 11 Septemba 2001 visu vya kufungulia maboksi haviruhusiwi kuingia navyo kwenye chumba cha abiria, na kile kilichosahaulika mfukoni kitachukuliwa palepale kwenye ukaguzi.